Taya likivimba, usikimbilie kung'oa jino!

Vuta kiti, au kama uko ndani ya daladala shika bomba vizuri, tuongee.

Leo sizungumzii mapenzi wala viwalo. Leo nataka tuongelee mdomo. Sio ule mdomo wa kusema watu, huo tunao wa kutosha. Naongelea mdomo wenyewe: meno, fizi, ulimi na taya.

Hapa mjini kwetu kuna ugonjwa mmoja tu wa mdomo, nao unaitwa jino. Mtu akivimba shavu, jino hilo. Ufizi ukitoa damu, jino. Taya likianza kuchomoza upande mmoja, jino tena. Na dawa yake ni moja, ling'olewe. Wajuaji wa kijiweni watakuambia usukutue kwa maji ya chumvi, mwingine atakuletea karafuu, wa tatu anamjua mzee mmoja ana mizizi yake, kiboko. Mwisho jino linatoka, uvimbe unabaki. Linatoka la pili, uvimbe upo. Likitoka la tatu ndipo watu wanaanza kunong'ona kwamba sio bure, kuna mkono wa mtu.

Sasa nataka leo ushike jambo moja tu, mengine hata ukisahau sikudai. Uvimbe au doa la mdomoni linaweza kuwa ni barua. Imeandikwa sehemu nyingine kabisa ya mwili, na aliyeiandika ni homoni. Ukiichana barua bila kuisoma, mwandishi ataandika nyingine.

HOMONI SIO CHUNUSI TU

Vijana wengi tukisikia neno homoni, akili inakimbilia kwenye chunusi, ndevu na mambo ya chumbani. Hayo yamo, lakini ni kipande kidogo tu cha mkate.

Homoni ni wajumbe. Mwilini kuna viungo vinavyoitwa tezi. Kazi yake ni kutengeneza hao wajumbe na kuwamwaga moja kwa moja kwenye damu. Na kwa vile damu inazunguka mwili mzima, tezi iliyoko shingoni inaweza kutoa amri na amri hiyo ikatekelezwa kwenye goti, kwenye figo au kwenye taya. Mjumbe akiwa na akili timamu, mambo yanakwenda shwari. Akianza kupiga kelele usiku na mchana, au akinyamaza kabisa, huko anakopeleka ujumbe kunakuwa na kasheshe.

Na mdomo ni mahali rahisi pa kuiona kasheshe hiyo. Meno yamekaa kwenye mfupa, nyama ya juu yake ni nyembamba, na kila asubuhi unajitazama kwenye kioo. Ukipata uvimbe mdogo kwenye mbavu unaweza kukaa nao mwaka mzima bila kujua. Ukiupata kwenye ufizi, utaujua siku utakapouma muhogo.

VITEZI VINNE NA BENKI YA MIFUPA

Tuanze na huo uvimbe wa taya wenyewe. Shingoni, nyuma ya ile tezi ambayo ikivimba watu huiita rovu, kuna vitezi vidogo sana. Kwa kawaida ni vinne, na kila kimoja kinakaribia punje ya mchele. Vinaitwa parathairoidi.

Udogo wake ulivificha muda mrefu. Mtaalamu wa Uingereza, Richard Owen, aliviona kwa mnyama kabla havijajulikana kwa binadamu, na mnyama mwenyewe alikuwa kifaru wa bustani ya wanyama ya London aliyekufa mwaka 1849. Kwa binadamu vilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström wa Uppsala, Sweden, ambaye aliviona wakati bado ni mwanafunzi wa udaktari. Wakubwa hawakumtilia maanani. Yaani hata huko Ulaya, ukiwa denti unaonekana huna la maana.

Kazi ya vitezi hivi ni kulinda kiasi cha kalsiamu kwenye damu. Kalsiamu ni madini ya mifupa na meno, lakini pia bila hayo misuli na moyo havifanyi kazi sawasawa. Chukulia kwamba mifupa ni benki na vitezi hivi ni makarani. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, karani anachota kidogo benki na kupeleka. Ikitosha, anafunga dirisha.

Tatizo ni pale kitezi kimojawapo kinapoota uvimbe, ambao mara nyingi wala sio saratani. Hapo karani amekuwa mwizi. Anachota mchana, anachota usiku, damu inajaa kalsiamu na mifupa inabaki hohehahe. Mfupa unatobokatoboka ndani, na pale palipotoboka panajaa nyama laini yenye seli kubwakubwa na damu iliyovuja. Damu hiyo ndiyo inayoupa rangi, ndiyo maana madaktari wanauita uvimbe wa kahawia. Unaweza kutokea kwenye mbavu, nyonga au mguu, na unaweza kutokea kwenye taya, hasa la chini. Meno yanaweza kulegea hata kama hayajaoza.

Umeona utamu wa hesabu hiyo? Jino linalegea, daktari analing'oa, lakini mwizi yuko shingoni anakula kuku kwa mrija.

Na kuna mtego wa pili. Kinyama kikikatwa kwenye taya na kupimwa kwa darubini, uvimbe wa kahawia unafanana mno na uvimbe mwingine wa taya wenye seli kubwakubwa usiohusiana kabisa na homoni. Kwa darubini peke yake hao ni mapacha. Kinachowatenganisha ni damu: kupima kiasi cha kalsiamu na kiasi cha homoni ya parathairoidi. Mkono wako unachomwa sindano, basi. Bila kipimo hicho mtu anaweza kukatwa kipande cha taya, akapona kidonda, halafu uvimbe ukarudi palepale au ukachomoza kwenye mfupa mwingine. Lakini kitezi kibovu kikiondolewa shingoni, mara nyingi uvimbe wa taya unaanza kunywea wenyewe na mfupa unajijenga upya.

Mwizi huyu huacha nyayo pengine pia. Mawe kwenye figo. Kiu isiyoisha na kukojoa kila mara. Choo kigumu. Maumivu ya mifupa, uchovu, na huzuni ambayo hata mwenyewe huelewi imetoka wapi. Kijana mwenye taya lililovimba ambaye amewahi kutibiwa mawe ya figo asimfiche daktari wa meno jambo hilo kwa kuona ni mambo ya huku chini, yanahusiana nini na meno. Yanahusiana sana.

KONDA WA VIENNA

Madaktari wenyewe walijifunza kwa taabu. Mwaka 1925 jijini Vienna, Austria, daktari bingwa wa upasuaji Felix Mandl alikuwa na mgonjwa ambaye kazi yake ilikuwa konda wa tramu. Ndiyo, konda! Mifupa ilikuwa inamuuma na kudhoofika, hadi paja likavunjika. Wakati huo wengi walidhani vitezi vinakua kwa sababu mgonjwa ana upungufu, hivyo Mandl akaanza kwa kumwongezea kitezi kilichotoka kwa maiti. Hakuna kilichobadilika. Ndipo akageuza mawazo, akampasua shingo na kutoa kitezi kilichokuwa kimekua kupita kiasi. Konda akapata nafuu kubwa, ingawa miaka ya baadaye ugonjwa ulimrudia.

Kule Marekani kulikuwa na nahodha wa meli aitwaye Charles Martell, ambaye ugonjwa huohuo ulimfupisha kwa zaidi ya sentimita 15. Fikiria jitu la miraba minne linapungua kimo kama mshumaa. Alipasuliwa mara saba. Mara ya saba, mwaka 1932, ndipo kitezi kibovu kilipopatikana, nacho hakikuwa shingoni bali kifuani. Kwa bahati mbaya alifariki mwaka huohuo kutokana na mambo ya mawe ya figo. Siku hizi kuna vipimo vya damu na picha za kutafuta kitezi kabla ya kisu, kwa hiyo huna haja ya kupita njia ya nahodha.

Kuna kundi jingine ambalo halina budi kuyajua haya: wenye figo zilizochoka, hasa wale wanaosafishwa damu kwa mashine. Figo zikishindwa kazi, vitezi vya shingoni vinalazimika kuchapa mzigo kupita kiasi, na mifupa ya uso na taya inaweza kuvimba. Kama una ndugu wa aina hiyo na ameanza kubadilika sura, usimcheke wala usisubiri. Mwambie amwonyeshe daktari wake wa figo.

TAYA LINAPOREFUKA

Kuna tezi nyingine imekaa chini ya ubongo, ina ukubwa wa njegere, inaitwa pituitari. Hii ndiyo inayotoa homoni ya kukuza mwili. Ikiota uvimbe na kumwaga homoni hiyo kwa mtu mzima ambaye mifupa yake haiwezi tena kurefuka, mikono, miguu na uso vinapanuka. Taya la chini linasogea mbele, meno yanaachana nafasi, ulimi unakuwa mnene, na usiku mtu anakoroma hadi chumba cha jirani. Daktari wa Ufaransa, Pierre Marie, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1886. Unaitwa akromegali.

Wapenzi wa sinema za James Bond mnamkumbuka lile jitu lenye meno ya chuma kwenye The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977? Aliyeigiza ni Richard Kiel, aliyefariki mwaka 2014, na ugonjwa wake ulikuwa ni huu. Tena kwenye filamu alipewa jina la Jaws, yaani Mataya. Na wapenzi wa mieleka, yule André the Giant aliyefariki mwaka 1993 naye alikuwa nao. Watu walilipa kiingilio kuangalia maumbo yao, lakini ndani yake kulikuwa na ugonjwa unaochosha moyo na viungo.

Ubaya wake unakuja polepole, hata mkeo au mumeo hautambui. Kinachokushtua ni pete kugoma kuingia, viatu kuanza kubana wakati umri wa kukua umepita, na meno ya bandia kutokukaa tena. Linganisha picha yako ya leo na ya miaka 10 iliyopita. Sura ikiwa imepanuka hivyo, sio kwamba maisha yamekunyookea, kapime.

WEUSI USIOKUWEPO

Hapa naomba tuelewane. Sisi Waafrika wengi fizi zetu ni nyeusi au zina mabaka toka utotoni, na hilo sio ugonjwa. Kuna makabila ambayo ufizi mweusi ni urembo, binti anaimbiwa. Kwa hiyo asikutishe mtu.

Ninachosema ni weusi mpya. Mtu mzima anaona madoa meusi ndani ya mashavu, kwenye ulimi au midomo, ambayo mwaka jana hayakuwepo, na mistari ya viganja nayo inakoza. Pamoja na hayo anachoka ile mbaya, anapungua uzito, akisimama ghafla anaona kizunguzungu, na anatamani chumvi hadi analamba mkononi. Hizo zinaweza kuwa dalili kwamba tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimeishiwa nguvu. Thomas Addison wa London ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1855, na baadhi ya wagonjwa wake tezi zao zilikuwa zimeharibiwa na kifua kikuu. Kwa nchi ambazo kifua kikuu bado kipo, kama ya kwetu, hilo sio la kupuuza.

Ugonjwa huu unaweza kuua kama haukutambuliwa, hasa mtu akipata homa kali au ajali. Ukitambuliwa, ni vidonge vya kila siku na maisha yanaendelea. Rais John F. Kennedy wa Marekani alikuwa nao, aliambiwa mwaka 1947, na Ikulu akaingia.

DADA ANAYETARAJIA

Sasa tuje kwa kina dada. Mtaani utasikia binti mjamzito ameota kinyama chekundu kwenye ufizi, katikati ya meno ya mbele, na kila akipiga mswaki damu inachuruzika. Hapo mawifi wanapata la kusema. Mmoja atasema mke mwenza ametupa kitu, mwingine atasema ni laana ya kumjibu mama mkwe.

Hakuna cha mke mwenza wala mama mkwe. Wakati wa ujauzito homoni za kike zinapanda sana, na fizi zinakuwa kali kupokea uchafu mdogo tu uliobaki kwenye meno. Zinavimba, zinatoa damu, na kwa baadhi ya akina mama zinaota hicho kinyama. Sio saratani, na mara nyingi kinanywea baada ya kujifungua. Kikizidi kutoa damu au kuzuia kula, kinaweza kuondolewa. Kosa kubwa ni kuacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, maana uchafu unaongezeka na kinyama kinapata chakula. Na mjamzito kwenda kwa daktari wa meno ni ruksa kabisa, ila amwambie mimba ina miezi mingapi.

Halafu kuna sukari. Wengi hawajui kwamba insulini nayo ni homoni, inatoka kwenye kongosho. Ikipungua au isipofanya kazi vizuri, mdomo unakauka, utando mweupe wa fangasi unaota, fizi zinaoza na meno yanacheza. Fizi mbovu nazo zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Ni kama mume na mke waliogombana, kila mmoja anamchochea mwenzake. Kijana ambaye meno yanalegea na usiku anaamka mara nne kwenda msalani, akapime sukari kabla ya kulaumu dawa ya meno.

LAKINI SIO KILA UVIMBE NI HOMONI

Nisije nikakutoa kwenye shimo moja nikakutumbukiza kwenye jingine. Majino mabovu yapo, majipu yapo, na mara nyingi uvimbe wa shavu ni jino kweli. Kuna uvimbe mwingine wa taya unaotokana na chembe za meno zenyewe, nao unahitaji kisu. Na kwa watoto wadogo wa ukanda wetu kuna ule aliouandika Denis Burkitt mwaka 1958, akiwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala. Huo ni saratani, unakua haraka kiasi kwamba wiki hii na wiki ijayo mtoto sio yule yule, lakini dawa zinaweza kuuponya ukiwahiwa. Mtoto taya likivimba, usipoteze hata siku moja kwa mizizi.

Ndiyo maana sikuambii ukatae kisu wala ukatae kung'olewa. Nakuambia uulize. Ukienda na taya lililovimba au meno yanayolegea bila kuoza, mwambie daktari kwa adabu tu: "Daktari, je, tunaweza kupiga eksirei kwanza? Na kama mfupa una tundu, naweza kupimwa kalsiamu kwenye damu kabla ya kukata?" Mweleze kila kitu, mawe ya figo, uchovu, kiu, mimba, sukari ya ukoo, dawa unazokunywa. Daktari mzuri hatachukia, atafurahi kupata mgonjwa aliyeamka. Na kidonda au doa lolote la mdomoni likipitisha wiki mbili bila kuondoka, usimwonyeshe mtu wa kijiweni, mwonyeshe daktari.

Mimi sio daktari, kalamu ndiyo kazi yangu. Lakini najua jino likishang'olewa halipandikizwi kama mche wa mgomba, na taya likikatwa sura haiji dukani. Sindano moja ya damu ni bei nafuu kuliko hayo yote. Kwa hiyo rafiki, barua ikija mdomoni, isome kwanza.

Kwa leo naishia hapo. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, punguza soda, na ukikutana na mwenzio mwenye taya lililovimba usimwite majina, mpe gazeti hili asome. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.